Jembe la Siku ya Tatu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ilitungwa na mwenyeji aliyechoka. Shuleni tuliijibu katika mtihani kwa sentensi moja ya kukariri, kwamba mgeni naye hana budi kufanya kazi, na nje ya shule niliisikia kwa watu wazima ambao aghalabu waliitamka mgeni akiwa ameshapanda basi, huku wakicheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo kichwani. Nilipokuwa na nyumba yangu na wageni wangu ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeielewa kinyume. Siku hizi nashikilia kwamba anayelindwa na jembe lile ni mgeni, na analindwa dhidi ya mwenyeji. Aliyenifundisha hivyo ni mama yangu, ambaye sijapata kumsikia akiifafanua methali hata moja.

Nimekulia katika kijiji cha pwani, upande wa Pangani, mahali ambapo watu walipata riziki kwa minazi, mihogo na bahari. Wageni hawakuwa haba. Walikuja ndugu wa Pemba waliovuka kwa mashua, walikuja watani wa baba kutoka bara, na walikuja watu ambao hata leo sijui walikuwa na undugu gani nasi. Sisi watoto tuliipenda sana methali nyingine, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", wala hatukuhitaji mwalimu wa kutufafanulia. Kuku wa kwetu hakuchinjwa ovyo: alichinjwa kwa ajili ya Iddi, au mgonjwa, au mgeni, na kwa kuwa Iddi huja mara mbili tu kwa mwaka na mgonjwa mchuzi wake haugawanywi, tumaini letu lote lilikuwa kwa wageni. Mtu akionekana kwa mbali na mkoba begani, sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kupona.

Siku ya kwanza mgeni alitandikiwa mkeka mpya, akatengewa maji ya kuoga, akala wali wa nazi kwa kuku. Siku ya pili wali ulibaki, kuku akageuka samaki. Siku ya tatu asubuhi Mama alikuwa na tabia moja niliyoiona mara nyingi kabla ya kuielewa. Aliliegemeza jembe kwenye mwimo wa mlango, akajifunga kanga kiunoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi natangulia, uji uko jikoni." Hakusema "twende", wala "nifuate". Mgeni mwenye akili zake alikunywa uji, akalitwaa jembe na kufuata. Mgeni wa kike pengine alisogezewa mbuzi na nazi mbili zilizokwisha kuvunjwa, naye akakaa kuzikuna huku mazungumzo yakiendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mzee asiyeweza kuinama alipewa ungo wa mchele achague mawe, na yule ambaye macho yake yalishindwa hata kazi hiyo aliachiwa mtoto mchanga ambembeleze. Sikuona mgeni hata mmoja aliyekosa jembe lake, ingawa majembe hayo yalikuwa ya maumbo mengi.

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi. Wakati huo nilikuwa nimepanga vyumba viwili na sebule huko Temeke, nikiishi na mke wangu na watoto watatu. Kijana alisema atakaa wiki mbili. Alifika siku chache kabla ya Ramadhani, akafunga nasi, akasali Iddi nasi, akafunga na zile sita za baada yake, na Iddi ya kuchinja ikamkuta angali analala kwenye kochi la sebuleni. Hizo ni siku mia moja na zaidi. Katika siku zote hizo hakuna aliyemwambia neno. Kila alipoamka tulimwambia, "Pumzika tu, wewe ni mgeni," na kila alipojaribu kushika ufagio mke wangu alimpokonya kwa adabu, kwa sababu nasi tulikuwa tumelelewa kwamba mgeni hafagii. Tulijiona ni watu wakarimu kupita majirani zetu wote.

Usiku ulikuwa na habari zake. Tulipozima taa tulianza kumhesabia. Tulihesabu vijiko vya sukari alivyotia katika chai, tulihesabu uniti za umeme zilizokwisha kabla ya wakati kwa sababu ya televisheni aliyoitazama mchana kutwa, tulihesabu hata sabuni. Mimi, ambaye kwa baba yangu sikuwahi kuona chakula kikihesabiwa, nilijikuta siku moja nimesimama jikoni peke yangu nikifunua kopo la sukari ili nione limeshuka kiasi gani. Tulinong'ona, lakini nyumba ile ilikuwa haina dari, na katika nyumba isiyo na dari mnong'ono wa chumbani hupanda hadi kwenye mabati na kushukia sebuleni ukiwa mzima. Mwezi wa pili mke wangu alianza kushinda na kanga iliyoandikwa "Mazoea yana taabu". Nadhani kijana aliisoma, kwa kuwa siku ile alikula kidogo na kulala mapema. Kesho yake akarudi kwenye televisheni, maana baada ya kuisoma hapakuwa na la kufanya.

Siidharau kanga. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wa pwani wamekuwa wakilitumia vazi hilo kusema yale ambayo mdomo ungeyalipia, na uzuri wa jina la kanga ni kwamba mvaaji anaweza kukana: mimi nimevaa nguo tu, wewe ndiye uliyejisomea. Lakini nilijifunza katika miezi ile kwamba fumbo la kanga humchoma mtu na kumwacha palepale alipo. Humwambia kwamba amechokwa bila kumpa njia ya kuacha kuchokwa. Jembe lililoegemezwa mlangoni nalo ni fumbo, tena halina hata herufi moja, ila lina mpini wa kushika.

Ndipo Mama akaja mjini kutibiwa mtoto wa jicho. Aliteremka katika basi na kikapu cha nazi, na alipofika nyumbani jambo la kwanza aliuliza tunapika nini. Kabla sijamletea kiti alikwisha kukaa kwenye kigoda, sinia la mchicha mapajani, akichambua kwa kupapasa, japokuwa macho hayohayo ndiyo yaliyomleta. Yaani mgeni huyu alijichukulia jembe lake siku ya kwanza. Jioni alimgeukia mjukuu wake, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu humwita mume wake, akamwuliza, "Mume wangu, katika nyumba hii kazi yako ni ipi?" Kijana akajibu, "Sina, Bibi. Mjomba amesema nipumzike." Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa yale macho yake yenye utando, kwa muda ulionitosha.

Alfajiri iliyofuata alimpa madumu mawili ya lita 20 akamtuma bombani. Kuanzia siku hiyo kijana alichota maji, akawapeleka watoto shuleni, akarudi na kufagia uwanja, na hakuna aliyempokonya ufagio, kwa kuwa aliyeuweka mikononi mwake alikuwa mkubwa wa nyumba kuliko sisi sote. Nilichokiona ndani ya wiki moja kilinishangaza kuliko mapipa yaliyojaa. Sukari ilikwisha upesi kama zamani, umeme nao vilevile, lakini tuliacha kuhesabu. Hatukuamua kuacha; hesabu yenyewe ilitutoka. Na kwenye foleni ya bombani, ambako watu husubiri saa nzima bila la kufanya ila kuzungumza, kijana akajuana na fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa akitafuta msaidizi. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na upwa wa mtaa wetu ni bombani.

Baadaye sana, alipokwisha kuhamia kwake, aliniambia kwamba alikuwa akitusikia kila usiku. Hakulisema kwa kulalamika. Alisema kilichomtesa zaidi ya maneno yenyewe ni asubuhi, tulipomwambia apumzike, kwa sababu alijua tunasema uongo na hakuwa na namna ya kutusaidia tusiuseme.

Liko shairi la kale ambalo wengi wetu tulilijua tukiwa shuleni, linalomhesabia mgeni siku zake moja baada ya moja. Siku mbili za mwanzo apewe vinono vya nyumba. Siku ya tatu nyumbani vimebaki vibaba vitatu tu, navyo hupikwa akala pamoja na wenyeji. Siku ya nne apewe jembe. Siku ya tano yameanza masengenyo. Siku ya sita wenye nyumba wanakula kwa kujificha. Na hesabu inakwenda hivyo hadi siku ya kumi, ambayo ni ya mateke na magumi. Watoto hulicheka shairi hilo, na walimu hulitumia kufundishia vina. Mimi siku hizi nalisoma polepole. Kwa waliozaliwa wakaikuta kilo, kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, na vibaba vinne ndivyo vilivyofanya pishi moja, kwa hiyo siku ya tatu katika nyumba ile hata pishi haikutimia. Mwenyeji wa siku ya tano, anayesengenya, ni yuleyule wa siku ya kwanza aliyetoa vinono kwa moyo safi. Mtunzi hakumbadilisha mtu. Alichopunguza ni kibaba, kisha akatuonyesha moyo ukishuka pamoja nacho. Na utaratibu wa siku zenyewe haukuwekwa kwa bahati: jembe limetangulia, masengenyo yakafuata. Palipo na jembe la siku ya tatu au ya nne, masengenyo ya siku ya tano hukosa pa kuanzia. Sisi Temeke tuliruka siku ile, tukaingia ya tano moja kwa moja, na tukakaa humo siku tisini na kitu.

Hapo ndipo ninapouona msingi wa hekima ya wahenga wetu kuhusu binadamu: hawakumwamini sana. Walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisema mwamba ngozi huvutia kwake, wakimfikiria mtu awambaye ngoma, ambaye hata akiwa mcha Mungu hawezi kuivuta ngozi ila kuelekea upande aliokaa. Walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ajabu ya methali hiyo ni kwamba haimtaji mtu mbaya. Inamtaja aliyeshiba, yeyote yule, wewe na mimi tukishanawa mikono baada ya kula. Mtu akizikusanya methali za namna hiyo pamoja anaweza kudhani kwamba waliozitunga waliishi wakichungulia madirishani kwa hofu ya majirani. Lakini ni watu haohao waliokula sinia moja, waliolimiana mashamba kwa zamu, waliozikana bila kuulizana ada. Walimjua mtu alivyo mdogo, wakampangia maisha yanayolingana na udogo wake. Hawakumtaka mwenyeji awe na moyo usiochoka. Walimtaka atoe jembe kabla hajachoka.

Mipango ya namna hiyo ni ya zamani katika upande huu wa bahari. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka hadi Mombasa na Kilwa, aliona vijana wakiiendea jahazi kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alishukia nyumbani kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozihitaji. Mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Wengi wanaosoma habari hii huisifu kuwa ni ukarimu. Ni ukarimu kweli, lakini nyuma yake namwona mtu aliyekaa akafikiri kwamba mgeni asiyejua bei atapunjwa, na kwamba watakaompunja hawatakuwa majambazi bali waungwana wa sokoni wenye tasbihi mikononi.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, kwa hiyo alipelekwa kwa kadhi na kwa mtawala. Kwa siku tatu alikaa katika nyumba aliyopewa, akiletewa chakula mara tatu kwa siku, wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi zilizopikwa katika maziwa. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Ijumaa, kadhi na wenzake walimjia na mavazi, akayavaa, wakaenda pamoja msikitini. Naipenda sana siku hiyo ya nne. Mwanachuoni hapewi jembe la kulimia, lakini baada ya siku tatu za kulishwa alivishwa nguo za pale, akatolewa nyumbani na kuwekwa katika safu pamoja na watu.

Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameishi nayo kwa karne nyingi, haki ya mgeni ya kukirimiwa ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka; tena mgeni naye amekatazwa kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Lakini mtu wa pwani hakuweza kuishia kwenye siku tatu. Vyombo vilivyotoka Arabuni na Ghuba vilishuka na kaskazi, na havikuweza kurudi mpaka upepo ugeuke kuwa kusi, kwa hiyo mgeni aliyeletwa na kaskazi alikaa miezi, atake asitake, na mwenyeji wake hali kadhalika. Ni dhana yangu tu, lakini naona watu ambao wageni wao walizuiwa na upepo wasingeweza kuendesha nyumba zao kwa tabasamu peke yake.

Mwalimu Nyerere aliitumia methali yetu katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alipotaka kuonyesha kwamba katika jamii za jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi, akaongeza kwamba mgeni mwenyewe aghalabu angeliomba jembe kabla hajapewa. Kuhusu mgeni kuomba sina ubishi, maana nimemwona Mama na sinia lake la mchicha. Ila Mwalimu alikuwa akizungumza juu ya kazi na unyonyaji, na kwa hiyo akalitazama jembe kwa upande wake wa mavuno. Mimi niliyekua nikiwafuata wageni wale shambani nakumbuka mavuno yenyewe. Mtu wa Pemba aliyezoea mikarafuu, akiingizwa katika shamba la mihogo asilolijua, hung'oa mihogo pamoja na magugu, na mara nyingi Mama alirudi jioni peke yake kufukia yale mashimo. Kama ni faida ya chakula, angalimwacha mgeni alale. Alichokuwa akikipanda pale hakikuwa mhogo.

Ziko methali mbili za kuku ambazo naziweka pamoja na hiyo ya jembe. Ya kwanza ni "Mgeni ni kuku mweupe", yaani kila mtu anamwona, na kila afanyalo linaonekana maradufu: akila sana ameonekana, asipokula ameonekana, akilala mchana mtaa mzima umejua. Ya pili ni "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni". Anayefuga anaijua. Kuku aliyenunuliwa leo hufungwa kamba ya mguu kwenye mti au mguu wa kitanda, analishwa hapo siku kadhaa mpaka ajue kwamba hapa ndipo kwao, kisha anafunguliwa na kuachwa aparure pamoja na wenzake. Asipofungwa atapotea, asipofunguliwa hatakuwa kuku wa nyumba hiyo kamwe, na tena atamchafulia mwenye nyumba chumba. Sisi tulimfunga kijana wetu kamba ya adabu kwa siku mia moja, kisha tukalalamika usiku kwamba haendi popote.

Kwa upande wa mgeni wahenga hawakusema mengi, nadhani kwa kuwa methali moja tu ilitosha: ukenda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Sitaki mtu afikiri kwamba naziona methali zote kuwa lulu. Zilitungwa na watu waliokuwa na masilahi yao, na baadhi zinanuka wakati wake. Tunasema bila kufikiri kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, na walimu huifundisha kuwa ni sifa ya kutenda kuliko kusema. Lakini "mja" katika methali hiyo ni mtumwa, mtu aliyeletwa, na "muungwana" ni aliyezaliwa huru. Utumwa haukuondolewa katika sheria za Zanzibar mpaka mwaka 1897, na aliyeitunga methali hiyo huenda alikuwa ameketi barazani akitenda kidogo sana, huku yule aliyemwita msemaji tu akimkwelea minazi yake. Nilipolitambua hilo niliacha kuitumia. Hata jembe la mgeni lingeweza kuharibika hivyo: nimewaona mabinti wa vijijini wakiletwa mjini kwa jina la ugeni na undugu, wakapewa jembe tangu saa ya kwanza, wala hawakulitua tena. Wanaofanya hivyo wanaijua methali vizuri. Wameruka siku mbili za mwanzo, kama sisi tulivyoruka ya tatu.

Vijana hunilalamikia kwamba methali zinapingana, kwamba mtu huambiwa haraka haraka haina baraka na papo hapo akaambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Zikiorodheshwa kitabuni ni kweli zinapingana, kwa kuwa kitabuni hakuna mtu anayeambiwa. Mama aliniambia ile ya kwanza nikiwa juu ya mnazi, nikiteremka kwa kuruka hatua, na akaniambia ile ya pili nilipokuwa na miaka 27 nikiahirisha kwa mara ya tatu kupeleka posa. Sikuona mgongano wowote. Niliona mama anayenijua kwamba ni mwepesi pasipotakiwa na mzito panapotakiwa.

Mpwa wangu sasa ni fundi kamili, ana mke na mtoto, na amejenga nje kidogo ya mji wa Morogoro, mahali penye nafasi ya shamba nyuma ya nyumba. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea kwa siku nne. Nilipofika alinichinjia kuku, tena jogoo, na mkewe akanitandikia kitanda chao wenyewe. Siku ya pili tulikula samaki wa bwawa la Mindu, tukazungumza hadi usiku wa manane, na nikaona kwamba nyumba yake ina dari. Siku ya tatu asubuhi nilipotoka chumbani sikumkuta. Alikuwa amewahi kazini. Mkewe alikuwa jikoni. Kwenye mwimo wa mlango wa uani palikuwa na jembe limeegemezwa, mpini ukiwa umefutwa vumbi. "Mjomba, shikamoo," akasema bila kugeuka, "uji uko mezani."

Nilikunywa uji. Siku ya nne jioni mke wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akitaka kujua kwa nini sijapanda basi, nikamweleza kwamba bado kuna matuta mawili ya viazi sijayamaliza, na kwamba nikiyaacha hivyo watarudi wao usiku kuyapandisha upya.